Upande wa Waiswa

Mimi naitwa Kizza, maana nilizaliwa nyuma ya mapacha, na kwetu Busoga anayezaliwa nyuma ya mapacha hachaguliwi jina, analikuta linamngoja. Mbele yangu walitoka Waiswa na Tenywa. Waiswa alitangulia, Tenywa akafuata muda wa mkunga kunawa mikono, na kwa hilo tu Waiswa amekuwa mkubwa miaka hamsini na ushee: anakula kwanza, anakaa kwanza, anasalimiwa kwanza. Tenywa hakuwahi kubisha. Mimi ningebisha, lakini hakuna aliyeniuliza. Mimi kazi yangu tangu nianze kusema ni kuamua ugomvi wao, na nimeichoka.

Sisi ni watu wa marimba. Sisemi vile vidude vya kubebwa kwapani. Nasema marimba yetu ya magogo, embaire, mbao nene zinazopangwa juu ya migomba miwili iliyokatwa asubuhi hiyohiyo, na chini yake shimo la kuipa sauti kifua. Watu sita wanayazunguka. Wawili wa katikati ndio wenye wimbo. Mmoja upande huu anaanza, mwenzake anayemtazama kutoka upande wa pili anapiga katika nafasi anazoachiwa, na wanakwenda haraka mno hata asiyejua anadhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Hakuna kati yao anayepiga wimbo mzima. Wimbo uko katikati yao, wanaupata wote wawili au hawaupati kabisa.

Upande wa kuanza ni wa Waiswa. Ulikuwa wa baba, na kabla ya baba ulikuwa wa babu. Katika ukoo wetu upande ule una sharti moja: haukaliwi na mwingine mpaka mwenyewe afe. Siku ya kumaliza msiba, mrithi anakaa pale mbele ya watu wote anaanza wimbo, na hapo hata aliyekuwa anajidanganya anakubali kwamba fulani hayupo tena. Shangazi yetu Naigaga husema yeye hakulia baba alipokufa, alilia alipomwona Waiswa amekaa upande wa baba. Mimi natingisha manyanga tu, kwa hiyo siku nikifa hakuna atakayegombea mahali pangu, na nashukuru.

Sasa Tenywa. Tenywa alisoma kuliko sisi sote, na ana mdomo. Watu wa chuo kikuu kimoja cha Kampala walimkuta arusini akiwaeleza wageni kinachofanyika pale kwenye marimba, nani anampokea nani, kwa nini shimo, kwa nini migomba mibichi, wakasimama kumsikiliza mpaka wakasahau chakula. Wakampa kazi. Jumatatu hadi Alhamisi yuko huko anafundisha vijana kupiga na anatoa mihadhara. Ijumaa anarudi. Jumamosi tunapiga, iwe arusi, iwe matanga, iwe mbunge anataka kura.

Tatizo ni kwamba alianza kurudi na tabia za huko. Wimbo umekolea, watu wanacheza, yeye anainua kichwa anamwambia bwana arusi, "Hapa sasa sikiliza vizuri, utaona mabadiliko." Bwana arusi wa watu, ambaye anachotaka ni kucheza na mke wake.

"Utapiga au utahubiri?" Waiswa alikuwa akimwuliza.

"Napiga huku nafundisha, mkubwa."

"Basi fundisha kimya."

Waiswa hakuipenda kazi ile hata kidogo. Aliiita kuongea ngoma. Alikuwa akisema kuna watu wanapiga ngoma na kuna watu wanaiongea, na akaapa kwamba yeye hatavuka mto kwenda Kampala kwa ajili ya shule, labda wamfunge kamba. Tenywa alikuwa akicheka tu. Na bado, Jumamosi wakikaa kutazamana, unasahau maneno yote hayo. Mimi nimewasikia maisha yangu yote na mpaka leo nywele zinanisimama.

Haya. Kule chuoni Tenywa anafundisha watoto ambao hawajawahi kushika fimbo ya marimba. Atawafundishaje upande wake tu? Watapiga kwenye nafasi za nani? Basi akawa anakaa upande wa kuanza, anawaonyesha, kisha anahamia upande wake wa siku zote, anawaonyesha na huko. Mwanafunzi mmoja akamrekodi kwa simu akiwa upande wa kuanza, amefumba macho, anapiga kwa raha zake, akairusha hiyo video kwa wenzake. Wenzake wakairusha kwa wenzao. Ikapita kwenye kwaya, ikapita kwa wauza vipuri vya pikipiki, ikatokea Kaliro kwenye simu ya mjukuu wa shangazi Naigaga.

Shangazi akaitazama. Akamwona Tenywa amekaa upande wa Waiswa. Hakuuliza kitu.

Msimlaumu. Kwetu mtu hapigi simu kuuliza kama fulani amekufa. Ukikosea umemtabiria, ukipatia umemlazimisha mfiwa akutangazie. Unajifunga nguo kiunoni unakwenda. Shangazi alisema neno moja tu, "Wamemzika Waiswa bila kuniambia mimi," na kwa hasira hiyo akakusanya ukoo wote wa Kaliro, wakakodi lori, wakapakia mikungu ya matoke, kuni, mbuzi, na kitambaa cha gome la mti, kile kikubwa cha heshima ya marehemu, wakaja.

Mimi asubuhi hiyo nilikuwa kwa Waiswa namenya matoke. Yeye amekaa barazani, kifua wazi, anakula viazi vitamu na mchuzi wa karanga. Tukasikia lori linasimama barabarani, halafu kilio. Na si kilio cha mtu mmoja, kilio cha lori zima. Waiswa akaweka kiazi chini.

"Msiba kwa nani?" akaniuliza.

"Sijui. Labda kwa mzee Mugoya, alikuwa anaumwa."

"Masikini Mugoya," akasema. Akavaa shati haraka, akatoka mbio kwenda kuwapokea, kwa sababu kaka yangu hata kama mmegombana miaka kumi, kwenye msiba wako hakosi.

Akakutana nao kwenye njia ya migombani. Shangazi Naigaga yuko mbele, mikono kichwani, analia, "Waiswa wee, umetuachia nani." Waiswa hakusikia jina, au alisikia akadhani anaitwa. Akamshika shangazi mkono kwa upole kabisa, akamwambia, "Pole sana shangazi. Nani amefariki?"

Nilikuwa nyuma yake, nimeona kwa macho yangu. Shangazi alimtazama. Akamgusa shavu kwa vidole. Kisha akampiga kofi.

"Unanichezea?" akasema. "Nimekodi lori."

Wa nyuma walikuwa hawajaona chochote, wanaendelea kulia. Wa katikati wamenyamaza, wanaulizana. Wa mbele wamejitupa chini migombani wameshika mbavu. Mzee mmoja aliyebeba kuni kichwani akauliza kama azitue au azirudishe, aambiwe mapema, maana ni nzito.

Hazirudi. Na hilo nalo ni la kwetu: kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani, ukikirudisha umeondoka na msiba wenyewe. Basi tukapika. Mbuzi akachinjwa, matoke yakafunikwa kwa majani, watu wakala matanga ya mtu aliyekaa hapohapo katikati yao ameshika mfupa. Majirani walikuja kuuliza kuna nini, wakaambiwa ni msiba wa Waiswa, wakamsalimia Waiswa, wakakaa, wakanawa mikono. Mzee Mugoya mwenyewe alijikongoja akaja, akala akamaliza, akasema angependa na wake uwe na mchuzi kama huu. Nilicheka mpaka nikaumwa tumbo.

Waiswa hakucheka. Mjukuu wa shangazi alikuwa amemwonyesha ile video. Aliitazama mpaka mwisho, akairudisha simu, akaendelea kutafuna polepole bila kumtazama mtu. Mimi ninayemjua nikaacha kucheka.

Tenywa alirudi Ijumaa, hana habari, amebeba mkate wa watoto. Akakuta majivu uwanjani na maganda ya matoke yametupwa kila mahali.

"Kulikuwa na sherehe?" akauliza.

"Msiba," akasema Waiswa.

"Wa nani?"

"Wangu."

Tenywa akacheka. Alipoona anacheka peke yake akanitazama mimi, nami nikaangalia kuku.

"Umekaa kwangu," Waiswa akamwambia. "Mbele ya watoto wa watu. Mimi niko hapa nala viazi, wewe uko Kampala unanirithi."

"Mkubwa, lile ni darasa. Darasani si uwanjani. Niwafundishe nusu ya wimbo?"

"Wafundishe nusu yako."

"Nusu yangu peke yake si kitu. Hata yako peke yake si kitu."

Hapo ndipo alipoharibu. Alisema kweli, lakini zipo kweli za kumwambia Waiswa na zipo kweli za kukaa nazo tumboni. Waiswa akainuka.

"Vizuri. Sasa unazo zote mbili," akasema. "Mimi huna haja nami tena."

Akaingia ndani. Tukamsikia anapandisha mbao za marimba darini, na kila moja ikigonga mwenzake inatoa sauti yake, kuanzia ile ndogo yenye sauti kali mpaka ile kubwa inayonguruma. Tenywa alisimama uwanjani na mkate wake mkononi mpaka ya mwisho. Jumamosi tulikuwa na arusi Namutumba. Tukawaambia watafute spika. Jumamosi iliyofuata vilevile, na ile nyingine, na watu wakaanza kusema kwamba kundi la mapacha limekufa.

Na kulikuwa na jambo kubwa linakuja. Chuo kilikuwa kimempa Tenywa mhadhara wa wazi, watu wa mjini waalikwe, redio ije, na kundi la nyumbani lipige mbele yao. Alikuja jikoni kwangu, akakaa juu ya kuni, mtu mzima, mwalimu wa chuo kikuu, akawa anachora chini kwa kijiti.

"Mhadhara nitauahirisha," akasema. "Si hilo linaloniumiza."

"Ni nini basi?"

"Asipopiga nami tena, nitapiga na nani? Tangu nikiwa mtoto, nikiinua macho namwona yeye. Sijui kupiga nikimwona mwingine."

"Si unao wanafunzi."

"Wanafunzi nawafundisha, Kizza. Yeye napiga naye."

Nilimwonea huruma, nasema kweli, ingawa nilikuwa nimemkasirikia kwa kuniharibia Jumamosi zangu. Bila wale wawili kukaa kutazamana, mimi ni mwanamke mzima anayetingisha vibuyu peke yake. Tena nilijua kitu kingine. Waiswa akishapitisha mwezi mmoja au miwili bila kushuka kutoka kwenye hasira yake, anahamia huko huko, anajenga. Na mbao zikikaa darini karibu na moshi zinapasuka. Nikamwambia Tenywa aende zake Kampala, aniachie.

Kwa Waiswa huendi na maombi. Ukimwomba anavimba. Nilimpelekea chai, nikakaa, nikaanza kuchambua mchele, nikasema kama mtu anayepoteza muda tu, "Nasikia huko Kampala wanafunzi wanadhani Tenywa ndiye mkubwa."

Hakunitazama. "Mkubwa wa nani?"

"Wako. Wamemwona anaanza. Anayeanza si ndiye mkubwa?"

"Na yeye anawaacha wadhani hivyo?"

"Mimi sijui. Sijafika huko."

Nilisema nasikia. Sikusema nimesikia kwa nani, na yeye hakuuliza. Alikunywa chai yote, akamimina nyingine.

"Huo mhadhara ni lini?" akasema.

Kwa hiyo tukavuka mto, kundi zima, marimba yamefungwa juu ya gari, na Waiswa amekaa mbele na dereva, kanzu, koti, viatu vya arusi, wala hakuna aliyemfunga kamba. Njia nzima hakusema neno. Pale darajani tu aliyatazama maji, akasema ni mengi.

Chuoni Tenywa alikuwa amechimba shimo nyuma ya madarasa ya muziki, karibu na tangi la maji. Waiswa alishuka, akampita mdogo wake bila salamu, akaenda moja kwa moja kuliangalia.

"Hili ni shimo la nini?" akauliza. "La kuzikia paka?"

"Wamenikataza kwenda chini zaidi, mkubwa. Kuna bomba."

"Bomba liko upande gani?"

"Huo."

"Basi si mchimbe upande huu." Akavua koti akanipa, akavua viatu akanipa, akapandisha kanzu akaingia shimoni, akadai jembe.

Wanafunzi wakaanza kujaa. Mkuu wa idara naye akaja, Dokta Kisakye, mama mnene mcheshi, anakimbia kidogo kidogo na viatu virefu kwenye udongo. Akauliza ni nani huyo aliye ndani ya shimo. Msichana mmoja, mwanafunzi, akamjibu kwa heshima zote, "Ni marehemu."

Jembe likasimama. "Marehemu nani?" Waiswa akauliza.

Yule msichana akapiga magoti ukingoni kumsalimia, kama inavyopasa, na kwa kuwa Waiswa alikuwa chini shimoni ilibidi ainame mpaka kichwa kikakaribia udongo. "Kodheyo, mzee Waiswa," akasema. "Jina langu Namukose. Tunakujua. Mwalimu alitusimulia yote, mpaka kofi. Halafu kila somo, kabla hajakaa upande wa kuanza, anatuambia hapa si pake, ni pa kaka yake mkubwa, ameazima tu."

Waiswa akageuza shingo akanitafuta mimi. Nikajitia kukung'uta koti lake.

"Nasikia," akasema, akiniiga sauti.

"Nilisikia vibaya," nikasema.

Nilidhani yameisha hapo. Wapi. Alichimba kimya mpaka shimo likamfika anapopataka, akatoka, akanawa miguu penye tangi la maji, akavaa viatu vyake. Akamwambia yule msichana, "Ameazima, ndiyo. Ila mwenyewe hakuombwa." Nikajua ana jambo lake moyoni alilokuja nalo kutoka nyumbani.

Watu walijaa, wengine wamekaa kwenye nyasi, wengine kwenye viti vilivyotolewa madarasani. Migomba ikalazwa, mbao zikapangwa. Tenywa akaanza kuongea. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia kazini kwake, na lazima niseme ukweli ingawa atavimba kichwa akisikia: anaongea vizuri. Haongei kama kitabu. Aliwachekesha, akawaambia mbao hii imetoka mti gani na ilikaushwa vipi, akamfanya mtu wa redio ashike fimbo apige, akapiga vibaya, watu wakampigia makofi. Kisha akasema, "Sasa namkaribisha kaka yangu mkubwa awasalimie."

Waiswa akasalimia. Alisalimia mpaka mtu wa redio akakaa chini. Aliongea juu ya baba, juu ya babu, juu ya mvua ya mwaka ambao babu alikata mti wa mbao ile kubwa, juu ya vijana wa siku hizi na miguu yao isiyojua kucheza. Yeye, adui wa kuongea ngoma. Tenywa alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Halafu Waiswa akabadilika sauti.

"Mdogo wangu alikaa kwangu nikiwa hai," akawaambia watu. "Mmeisikia hadithi, mmecheka. Hata mimi kesho labda nitacheka. Lakini leo nimekuja kumlipa. Leo nakaa kwake, yeye akae kwangu, mbele yenu nyote. Tenywa, pita kule."

Watu wakashangilia wakidhani ni sehemu ya onyesho. Tenywa hakushangilia. Darasani na watoto alikaa upande ule kila wiki, sasa mwenyewe yuko pale anamtazama, akabaki palepale alipo.

"Mkubwa, tukae tulivyozoea," akasema.

"Pita kule. Anza."

Tenywa akapita. Akakaa ukingoni tu, kama mgeni kwenye kitanda cha watu. Akaanza, taratibu, wimbo ambao wamepiga tangu meno ya utoto. Waiswa akainua fimbo zake, akaingia.

Akamgonga. Fimbo yake ilitua pale pale fimbo ya Tenywa ilipotua, sauti mbili zikawa moja, wimbo ukafa. Akajaribu tena, akamgonga tena. Maisha yake yote yeye ndiye huanza, mkono wake haujui kungoja nafasi ya mtu. Kila akitaka kuingia katikati, mkono unakimbilia kwenye mwanzo, na mwanzo una mwenyewe. Wale wanne wengine wamekaa na fimbo hewani hawana pa kuingilia. Wanafunzi kadhaa wakacheka kwenye viganja. Halafu hawakucheka tena, maana kila mmoja wao alishapita hapo na anajua jasho lake.

Tenywa akapunguza mwendo.

"Usinipunguzie," Waiswa akasema. "Mimi si mtoto."

Akamgonga tena. Kanzu ilikuwa imemganda mgongoni. Namjua kaka yangu. Atainuka sasa hivi, atachukua koti lake kwangu, atatembea kwa miguu mpaka Busoga, na zile mbao zitarudi darini na hazitashuka tena. Na mimi ndiye niliyemleta kwa uongo wangu. Nikajilaani.

Tenywa akaacha kupiga. Akalaza fimbo. Nikasema moyoni, Tenywa, leo nakuomba, usifundishe. Akainama juu ya mbao akamsogelea mwenzake, akaongea chini kwa chini, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Unanifuata," akamwambia.

"Nisikufuate wewe nimfuate nani? Si ndiye unayeanza?"

"Usinifuate. Mimi nimekaa hapo miaka yote na sijawahi kukufuata."

Waiswa akamkazia macho. "Hujawahi nini?"

"Kukufuata. Nikikaa hapo, anayeanza ni mimi. Wewe ndiye unayekuja katikati yangu. Ndivyo ninavyosikia."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokaa mara ya kwanza."

Watu hawakujua kinachosemwa. Nilingoja Waiswa amrushie fimbo. Yeye akainamia mbao zilizokuwa mbele yake, akazitazama kutoka upande ule ambao hakuwahi kuzitazama. Akapitisha kidole kwenye ncha ya mbao moja, pale fimbo za Tenywa zinapotua. Palikuwa pamelika, pameingia ndani. Akapitisha kwenye ya pili, na ya tatu. Kisha akaangalia ng'ambo, kwenye ncha zake mwenyewe, zilivyolika, na akarudi kuangalia hizi.

"Sawasawa na zangu," akasema.

Tenywa akaitikia kwa kichwa.

"Na hukuniambia."

"Ungekubali?"

Waiswa akafikiri. "Nisingekubali," akasema, na akaanza kucheka, kicheko cha polepole kinachotokea tumboni, na Tenywa naye akacheka, na mimi machozi yakanitoka pale pale mbele ya watu wa redio, wala sikuona haya.

Waiswa akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Kaa vizuri," akamwambia mdogo wake. "Usikae ukingoni kama mwizi. Ukikaa hapo, kaa."

Tenywa akajivuta mbele, akajaza nafasi yote ya upande wa kuanza, na mwenyewe yuko hai anamtazama.

"Haya," Waiswa akasema, fimbo juu. "Anza. Na mimi naanza."

Wakaanza.